Kabla Ujiite Programa, Nipangie SAMAKI

Leo sibembelezi mtu.

Chukua neno SAMAKI. Likate vipande vitatu: SA, MA, KI. Sasa niambie, ukivipanga kwa kila njia inayowezekana, unapata njia ngapi? Na swali la pili, ambalo ndilo lenyewe: umejuaje kwamba hujaacha hata moja?

Kama una digrii, diploma, ama kile cheti cha wiki kumi na mbili ulichopiga picha ukatupostia, na hilo swali la pili limekukwamisha, hii ni yako. Usiifunge. Usinuniane na mimi pia, juu hata mimi nilikwama hapo hapo, na nilikwama nikiwa nimevaa tai ya kuazima.

Niliitwa intavyu Nairobi. Kampuni siitaji, maana haikunikosea chochote. Nikapanda basi la usiku hapa Kakamega mjini, nikafika alfajiri macho mekundu, nikaosha uso kwa choo cha kulipia, nikaingia. Jamaa akanipa kompyuta, akasema: "Andika programu inayotoa mipangilio yote ya herufi tatu." Moyoni nikacheka. Hiyo kodi nilikuwa nayo kichwani nzima nzima! (Kodi ya kompyuta, si ya nyumba. Ya nyumba pia nilikuwa nadaiwa.) Nikaiandika neno kwa neno, venye ilikuwa kwa ile video niliyorudia mara kumi na tano. Nikabonyeza. Skrini ikanipa hivi:

[] [] [] [] [] []

Mabano sita, ndani hewa tupu.

Jamaa hakunicheka. "Sita ni sawa," akasema. "Lakini mbona ni tupu?"

Nikaangalia. Nikaongeza koma, nikatoa koma. Nikabadilisha jina la orodha, kana kwamba jina ndilo lina njaa. Dakika ishirini zikaisha. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja kidogo sana, na nitawaambia huko mbele ni gani. Lakini shida haikuwa kusahau, kila mtu husahau. Shida ni kwamba nilipokwama sikuwa na mahali pa kuanzia kufikiria. Kasuku akisahau neno moja kati ya wimbo, hawezi kuuliza wimbo ulikuwa unahusu nini.

Basi hoja yangu ya leo ni hii, na sitazunguka: tunafundishwa kuprogramu kama watu wanaoandikiwa mwakenya. Tunapewa jibu lililokamilika, kwa Kiingereza, tunalinakili, tunafaulu, tunapewa cheti. Halafu tukifika mahali ambapo jibu limepinda kidogo, tunabaki tukitoa macho. Na mambo ya kujirudia, ile kitu wanaita rikashoni, ndiyo yanatuumbua kabisa, kwa sababu hayakaririki. Ama umeelewa ama hujaelewa. Hakuna katikati.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hii kitu ni rahisi. Tumekua nayo nyumbani.

Nani hapa hajawahi kutumwa akamtuma mdogo wake? Mama anamwambia kifungua mimba, "Nenda uniletee maji." Kifungua mimba anageuka, "Wewe, umesikia mama anataka maji?" Huyo wa pili anageukia wa tatu. Inashuka hivyo mpaka inafika kwa kitinda mimba. Yeye hana wa kumtuma, kwa hivyo anainuka. Maji yanarudi yakipanda ngazi ile ile: kitinda mimba anampa wa tatu, wa tatu anampa wa pili, na kifungua mimba anayapeleka kwa mama kama vile ni yeye aliyetoka jasho.

Hiyo ndiyo rikashoni yote. Kazi inajituma yenyewe kwa mdogo wake, na kuna mdogo mmoja wa mwisho ambaye hana wa kutuma. Ukikosa huyo wa mwisho, kila mtu anamtuma mwingine milele na mama anakufa kiu. Kompyuta pia inachoka. Python, usipoibadilisha, inavumilia kutumana takriban mara 1,000, kisha inakutupia kosa na kukataa kuendelea.

Sasa turudi kwa SAMAKI. Mama anasema, "Nipangieni SA, MA, KI." Kifungua mimba anashika SA, anamwambia wa pili, "Wewe nipangie MA na KI." Wa pili anashika MA, anamwambia kitinda mimba, "Nipangie KI." Kitinda mimba anashangaa: "KI peke yake? Si imeshajipanga." Anairudisha vile ilivyo. Wa pili anaweka MA mbele: MAKI. Anaweka MA chini, anashika KI, anatuma MA, inarudi, anaweka KI mbele: KIMA. Anapeleka majibu mawili juu. Kifungua mimba anaweka SA mbele ya kila moja: SAMAKI, SAKIMA. Halafu anaweka SA chini, anashika MA, anatuma zilizobaki: MASAKI, MAKISA. Anashika KI: KISAMA, KIMASA. Jumla sita.

Umejuaje hujaacha yoyote? Kwa sababu kila silabi imepewa nafasi ya kukaa mbele, na kila ilipokaa mbele, zile zilizobaki zimepangwa zote. Hakuna iliyoachwa nje. Hilo ndilo jibu la swali la pili, na halikuhitaji umeme.

Kwa maandishi ni hivi:

panga(silabi)
kama imebaki moja, irudishe hiyo hiyo
la sivyo, kwa kila silabi moja
ishike, panga(zilizobaki), iweke mbele ya kila jibu lililorudi

Mistari minne. Hiyo ndiyo kitu nilisafiri usiku mzima kwenda kushindwa.

Angalia pia kitu kingine. SAMAKI ni neno. MASAKI ni mtaa wa Dar es Salaam. KISAMA ni ile ile samaki kwa kinyume, ule mchezo wa zamani wa Waswahili wa kuchukua silabi ya mwisho na kuileta mbele ili wasiohusika wasielewe. Na sisi tukajidhani wajanja tulipogeuza stori ikawa risto! Sheng ilikuwa inapanga silabi kabla hujajua kuwasha kompyuta. Kwa hivyo mtu asikuambie akili hii ni ya kigeni. Kitu cha kigeni hapa ni jinsi tunavyofundishwa.

Nilirudi Kakamega bila kazi. Wiki hiyo nilikuwa kibandani kwa shangazi pale Amalemba, ile mvua yetu ya alasiri imetufungia ndani. Binamu yangu alikuwepo, yuko sekondari. Alikuwa ameacha somo la kompyuta. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu bila kunitazama: "Mimi si mtu wa kompyuta. Tulikuwa watu wengi kwa mashine moja, na nyumbani hatuna."

Hiyo sentensi iliniuma kuliko mabano matupu. Mtoto amejiandikia hukumu kwa sababu ya foleni ya mashine.

Nikaokota vizibo vya soda chini ya meza. Nikaviandika kwa kalamu: SA, MA, KI. Nikamwelezea maneno ya kutumana. Alitumia dakika kama tano akapata zote sita, na akanieleza kwa nini hakuna ya saba. Nikampa nne: KA, LI, MA, TU. Akafikiria akasema, "Hapa sina haja ya kupanga. Nikishika moja zinabaki tatu, na tatu nishajua ni sita. Niko na za kushika nne. Ishirini na nne." Hapo ndipo niliweka chai chini. Huyu mtu ametoka kuniambia si mtu wa kompyuta, na amefanya kile nilishindwa kufanya Nairobi: ameamini jibu la mdogo wake na akajenga juu yake.

Nikataka kujigamba, nikamwambia, "Basi panga KA, KA, ME, GA." Akaanza, akasimama. "Ngoja. Si KA ziko mbili? Nikizibadilishana hakuna mtu atajua. Nitahesabu neno moja mara mbili."

Wasee, ile kodi yangu ya kukariri haikujua hilo. Ingetoa 24 na kutabasamu. Binamu yangu akasema: nikianza na KA, zinabaki KA, ME, GA, ni sita. Nikianza na ME, zinabaki KA mbili na GA, ni tatu. Nikianza na GA, ni tatu. Jumla kumi na mbili. Na sheria akaitoa mwenyewe: "Kama hapa mbele nishashika KA, nikiiona KA nyingine naipita."

Vizibo vya soda. Mvua. Chapati. Hakuna laptopu hata moja.

Sasa nikuambie kile nilisahau Nairobi, juu najua kuna wenye wanangoja. Ile kodi ya video haikuunda neno jipya kila mara. Ilikuwa na orodha moja tu. Inaongeza silabi, inashuka, ikifika mwisho inaweka orodha kwa majibu, kisha inarudi ikiondoa silabi moja moja. Mimi niliweka orodha yenyewe badala ya nakala yake. Ni kama kuandika jibu ubaoni, kumwambia mtu "jibu liko ubaoni", kisha kufuta na kuandika lingine, na kumwambia wa pili vivyo hivyo. Mwishowe umefuta kila kitu, na watu sita wameshika maelekezo ya kwenda kuangalia ubao mmoja mtupu. Nilipaswa kupiga picha kabla ya kufuta. Neno moja tu la kunakili lilikosekana. Mtu aliyeelewa kwamba njiani kuna kufuta angeliona kwa dakika moja, lakini mimi nilikuwa najua wimbo tu.

Kwa hivyo nikisikia wakubwa wakiongea kuhusu vijana na teknolojia, nasikiliza wanahesabu nini. Mara nyingi wanahesabu mashine. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 vifaa vikaanza kufika mashuleni, vikiwa vimegeuka kuwa vishikwambi. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa kuandika kodi kwa shule za msingi na sekondari. Sipingi hata moja. Nipe kishikwambi, nipe na umeme, asante. Ninachopinga ni kudhani kwamba mashine ikishafika, kufikiri kumefika nayo. Mashine inafika kwa lori. Kufikiri kunaletwa na mwalimu mwenye muda wa kuuliza "umejuaje?" na kungoja jibu.

Na hatuwezi kuwalaumu walimu peke yao. Sisi wenyewe makomredi tumekuwa wauzaji wa mwakenya. Nani hajapokea ile faili kwa grupu la WhatsApp, "maswali ya intavyu na majibu"? Nani hajaisambaza? Mimi niliisambaza. Tunapeana majibu kama njugu na tunaita hiyo kusaidiana.

Najua mtanirudia na nini. Acha nijibu kabla hamjaanza.

Wa kwanza atasema: "Buda, Python ina mipangilio tayari. Mstari mmoja tu, itertools, imekuwa huko tangu 2008. Kwani nateseka kwa nini?" Sawa. Ichukue, uipe neno KAKAMEGA herufi kwa herufi. Itakupa mistari 40,320. Umefurahi? Sasa hesabu zilizo tofauti: ni 3,360 pekee. Kila moja imechapishwa mara kumi na mbili, kwa sababu K ziko mbili na A ziko tatu, na ile maktaba inaangalia mahali herufi ilikaa, haiangalii herufi ni gani. Haijakosea, imefanya kile imeandikiwa kufanya. Wewe ndiye hukujua cha kuuliza. Binamu yangu na vizibo vyake angekushika shati.

Wa pili atasema: "Akili unde inaandika hayo yote kwa sekunde." Kweli, inaandika, na mimi naitumia. Lakini ikikuletea mabano sita matupu utajuaje? Ikikuletea 40,320 badala ya 3,360 utajuaje? Mtu asiyejua kuhesabu chenji hasaidiki na konda mwenye kasi. Anaibiwa haraka zaidi, basi.

Wa tatu, huyu namheshimu, atasema: "Kazini hakuna mtu huandika mipangilio ya herufi. Ni maswali ya kutesa watu tu." Nusu yake ni kweli. Kuna intavyu zinauliza hivi kwa mazoea tu, bila kujua zinatafuta nini. Lakini tuangalie mtaani.

Msee wa boda amepewa vifurushi kumi: Lurambi, Kefinco, Shirere, Milimani, Khayega, Shinyalu, Sigalagala, na vingine vitatu. Wewe programa umeambiwa umtafutie njia fupi. Ukisema "nitajaribu mipangilio yote," hiyo ni 3,628,800. Ukikagua mmoja kwa sekunde, unamaliza kwa siku 42 kamili. Ongeza vifurushi viwili tu, viwe kumi na viwili. Sasa ni mipangilio 479,001,600, na kwa kasi ile ile utamaliza baada ya zaidi ya miaka 15. Boda itakuwa imeshauzwa vyuma vikuukuu. Kompyuta ina kasi kuliko sekunde moja, ndiyo, lakini kila kifurushi unachoongeza kinazidisha kazi, hakiiongezi. Mtu aliyepanga vizibo kwa mkono anahisi hilo kwa vidole. Atasema mapema, "Hii njia haifai, tutafute jibu zuri la kutosha." Mtu aliyekariri ataandika kodi safi, ataijaribu na vifurushi vitatu, ataona imefanya kazi, ataileta kwa mteja.

Ama chukua PIN ya M-Pesa. Tarakimu nne, kwa hivyo mtu asiyejua chochote ana uwezekano 10,000. Sasa mtu ameona alama za mafuta ya vidole kwa skrini yako, sehemu nne. Zimebaki 24. Ukimpa nafasi tatu za kujaribu, amekukaribia kwa moja kati ya nane. Na je, kama PIN yako imerudia tarakimu moja, alama zikaonekana tatu? Wengi watasema umejiharibia. Hesabu. Hajui ni gani imerudiwa, kuna chaguo tatu, na kila chaguo lina mipangilio kumi na mbili, kama KA-KA-ME-GA. Ni 36. Umemwongezea kazi kwa kurudia! Hiyo huipati kwa kukariri, na mtu anayetaka kutengenezea watu programu za pesa anafaa aweze kuifikia mwenyewe.

Wa nne atasema: "Hii Kiswahili ni ya kufurahisha, lakini kompyuta ni Kiingereza." Hapa ndipo nakasirika kabisa. Maneno maalum ya Python hayafiki arobaini. Arobaini! Unayajua majina ya wachezaji wa ligi nzima, na utashindwa na maneno arobaini? Hayo yakariri, sina shida. Lakini kufikiri kufanye kwa lugha unayoota nayo. Iwe Kiswahili, iwe Luhya, iwe Sheng. Mtoto akielezwa kitu kigumu kwa lugha anayoihangaikia, anabeba mizigo miwili, na ukimwona amechoka unasema hana akili.

Na kama unadhani lugha zetu hazina historia na mambo haya, ngoja. Kwa somo la Kiswahili ulikariri arudhi za ushairi: vina, mizani, vipande. Hilo neno arudhi limetoka kwa Kiarabu, na elimu hiyo ya mizani ya mashairi inahesabiwa kuanzishwa na Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman aliyefanya kazi Basra karne ya nane. Mtu huyo huyo alitaka kutengeneza kamusi ya Kiarabu isiyoacha neno. Alifanyaje? Hakuzunguka akiokota neno moja moja. Alichukua herufi za mzizi na kuzipanga kila njia: mbili zinatoa 2, tatu zinatoa 6, nne zinatoa 24, tano zinatoa 120. Kisha kwa kila mpangilio akauliza: huu watu wanautumia, ama umeachwa? Kama sisi na SAMAKI na SAKIMA. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, bila skrini, mtu alijiuliza swali langu la pili: nitajuaje sijaacha hata moja?

Tulifundishwa arudhi na mwalimu mmoja, kompyuta na mwalimu mwingine, milango inatazamana, na hakuna aliyetuambia kwamba nyuma yake ni akili moja.

Basi nataka nini? Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachongoja bajeti.

Mwalimu wa kompyuta, wiki ya kwanza ya kujirudia, zima mashine. Leta vizibo, leta mawe, leta wanafunzi watatu wasimame mbele wajipange wenyewe. Usimpe alama aliyetoa sita. Mpe aliyeeleza kwa nini si saba.

Wewe unayeuza kozi ya wiki kumi na mbili kwa bei ya ng'ombe, weka mtihani mmoja wa mdomo. Mwanafunzi akueleze kodi yake kwa lugha yoyote, halafu ubadilishe kitu kidogo, uweke KA mbili, uone. Akishindwa, usimpe cheti. Najua itakuharibia picha za mahafali. Lakini mimi nilipewa cheti mahali ambapo hakuna aliyewahi kuniuliza swali, na picha nzuri nilipiga. Iko bado kwa simu. Haijanilipia kodi ya nyumba hata mwezi mmoja.

Na wewe komredi mwenzangu, futa ile faili. Sawa, usiifute, najua hutaifuta. Lakini kabla ya kusoma jibu, panga kwa mkono. Ukikwama, kwama kidogo. Kukwama si aibu. Aibu ni kukwama mbele ya mtu akiuliza "mbona ni tupu?" na wewe huna hata pa kuanzia.

Binamu yangu ameomba kurudi kwa lile somo. Bado wanapanga foleni kwa mashine, sitawadanganya kwamba imeisha. Lakini sasa akifika mbele anajua anataka kuiambia nini, na mwenye kujua hilo hamalizi muda wa wengine. Mimi naye nimeitwa intavyu nyingine mwezi ujao. Tai nimerudisha, nitaenda na vizibo mfukoni.

Kazi ya kwenda nayo: MU, LE, MBE. Mipangilio mingapi? Hiyo ni rahisi. Sasa ongeza MU nyingine na LE nyingine, ziwe silabi tano. Usinitumie kodi wala picha ya skrini. Nirekodie sauti, kwa lugha yako, uniambie ni ngapi na umejuaje hakuna uliyoiacha.

Anayetumia ChatGPT tutamjua. Atakuwa na jibu, atakosa risto.